Kisogo cha Shoferi

Libère alipoambiwa kwamba sura yake itaonekana kwenye filamu, alikata shauri kutomwambia mtu yeyote. Akamwambia mkewe peke yake. Basi ukimwambia Lisette jambo saa nne asubuhi, kufika saa sita limeshavuka daraja, na jioni hiyo Libère aliposhuka kwake mtaani Kanyosha watoto wa jirani walimpokea njiani wakimwita nyota. Lakini tusimwonee mwanamke wa watu. Alichosahau Lisette, Libère alikimalizia mwenyewe kabareni, chupa iko mkononi, tena akaongeza na chumvi kidogo. Alisema filamu nzima inamtegemea yeye.

Uongo haukuwa mkubwa. Libère alikuwa shoferi wa ambulansi kwa mwaka wa ishirini na sita sasa, katika kikundi cha waokoaji wa kujitolea chenye ofisi ndogo kule Rohero, ila yeye alikuwa wa mshahara. Pikipiki ikigongwa, mvua ikiangusha ukuta juu ya watu, mama akishikwa na uchungu mahali pasipo na gari, simu ililia pale ofisini, na baada ya simu kulia ni Libère aliyewasha injini. Kazi hiyo alikuwa akiipenda. Kilichomchoma ni kitu kimoja tu, na kilimchoma miaka mingi: hakuna aliyewahi kumwona akiifanya. Wageni walikuja wakapiga picha. Walipigwa picha wauguzi, walipigwa waokoaji na fulana zao nyekundu, ilipigwa machela, hata matairi yalipigwa. Shoferi yuko ndani ya gari, nani atamtafuta huko? Picha ya kazini aliyokuwa nayo nyumbani ilikuwa moja, na yeye mwenyewe humo alionekana kiwiko. Lisette aliitia fremu hivyo hivyo. Binti yao Orlane, aliyeolewa Gitega, alikuwa akiwaonyesha watoto wake kiwiko cha babu.

Na pensheni ilikuwa inakuja mwisho wa mwaka. Kwa hiyo Libère alitaka jambo moja kabla ya kukabidhi ufunguo. Alitaka uso wake uonekane, mara moja, mahali ambapo watu wa kwao watauona. Wewe ukitaka kumcheka mcheke, lakini jiulize kwanza wewe ungetaka nini.

Aliyeleta neema hiyo ni Raïssa, msichana wa Kinanira aliyekwenda kusomea filamu nje, akarudi na kamera na maneno mengi. Alikuwa na adabu lakini, hilo hatumnyimi. Alikaa na waokoaji wiki mbili nzima bila kuwasha kamera, akinywa chai yao na kuuliza maswali, ndipo akawaeleza anachotaka. Filamu ya dakika tisa, ya kuwaonyesha na wanaojifunza kazi hiyo, yote itazamwe kwa macho ya mgonjwa. Mtu anaanguka na pikipiki, anaona anga, anaona nyuso za waokoaji zinamwinamia, anaona paa la ambulansi, mwisho anaona taa za hospitali. Kamera haitoki machoni mwa mgonjwa hata mara moja. Na katikati ya safari, mgonjwa ananyamaza ghafla, shoferi anageuka kumtazama, na katika uso wa shoferi sisi watazamaji tunajua kama huyu mtu atapona.

"Uso wako ndiyo filamu yenyewe, muzee," alisema Raïssa.

Mwanamume gani angelala usingizi baada ya kuambiwa hivyo? Libère hakulala. Na Kanyosha haikulala vilevile, kwa sababu Raïssa, kwa kumheshimu mzee, alikubali filamu ionyeshwe mara ya kwanza huko huko kwao. Nyumbakumi, mkuu wa mtaa, akaomba ukumbi wa parokia, Jumapili ya wiki itakayofuata upigaji wa filamu, alasiri. Akahesabu viti, akaviona havitoshi, akaenda kuazima vingine kwa watu wa harusi. Lisette akamshoneshea mume wake shati. Halafu kila jioni akamweka mbele ya kioo ajifunze kugeuza uso, kwa kuwa Raïssa alisema uso utasema yote. Libère alikuwa na nyuso mbili tayari, wa matumaini na wa huzuni. Ule wa matumaini Lisette aliupitisha. Ule wa huzuni alisema unafanana na wa mtu anayesubiri chakula, akamrudisha kioo.

Siku ya kupiga filamu ilikuwa Jumamosi, kwenye mteremko wa Kinanira. Sasa hapa kuna jambo la kueleza. Miezi ile mazutu, mafuta ya gari, ilikuwa adimu mjini, watu wanapanga mstari siku tatu na bido zao tupu, na ile kidogo ya ambulansi haikuguswa ila kwa mgonjwa wa kweli. Idi, aliyekuwa mkuu wa waokoaji, mtu wa Buyenzi asiyetania na kazi, alimwambia Raïssa waziwazi kwamba gari atapewa lakini injini haitawashwa. Raïssa hakukata tamaa. Alisubiri kazi za umma za Jumamosi ziishe, watu wa mtaa wanarudi nyumbani na majembe begani, akawaomba wanaume sita wenye nguvu waweke majembe chini na kulishika gari, watatu huku na watatu huku. Kazi yao ni kulitikisa. Kwa ndani, wallahi, ungeapa kwamba linakimbia kwenye barabara mbovu.

Mgonjwa alikuwa Tajudini, fundi wa redio kutoka Buyenzi, kijana mzuri wa sura na mwepesi wa kulia. Alijitolea kwa furaha zote mpaka alipogundua kwamba mgonjwa ndiye kamera, maana yake yeye haonekani ila magoti. Alilala kwenye machela akinung'unika, Raïssa amejibana kando yake, kamera imeegemezwa shavuni mwa fundi redio. Aliagizwa agune kwa muda, halafu anyamaze. Kuguna aliweza. Kunyamaza ndiko kulikomshinda kidogo, lakini tuendelee.

Libère alikaa kwenye usukani na shati jipya. Wale sita wakatikisa. Tajudini akaguna, akanyamaza. Raïssa akanong'ona, sasa, muzee.

Kisogo kikabaki pale pale.

Raïssa alisimamisha, akamuuliza kwa upole kwa nini hakugeuka. Libère alishangaa. Alisema amegeuka. Idi aliyekuwa kiti cha mbele akamhakikishia kwamba hakugeuka hata kidogo. Wakarudia. Mara ya pili bega lilisogea. Mara ya tatu aligeuka, tena aligeuka vizuri sana, uso wa matumaini mpaka kwenye masharubu. Ila kabla ya kichwa kugeuka, mkono wake wa kulia ulishuka wenyewe na kuvuta breki ya mkono, krrra, na wale watikisaji sita waliposikia breki wakajua wamefika, wakaachia. Raïssa alicheka mpaka akaishika kamera kwa mikono miwili.

Mara ya nne Idi aliifunika breki kwa mkono wake mwenyewe. Mkono wa Libère ulishuka, ukaukuta mkono wa Idi, ukavuta vyote viwili. Mara ya tano alifungwa mikono kwenye usukani kwa leso aliyopewa na Lisette. Kichwa kikageuka kweli, lakini macho yalikataa kuiacha barabara, yakabaki kwenye kona ya jicho yakitazama mbele, na kwenye kamera akaonekana mtu mwenye jino bovu. Watikisaji walianza kuombana maji. Mmoja aliuliza kama mgonjwa huyu hana ndugu wengine wa kumpeleka.

Libère alishuka, akasimama kando ya barabara, akajifuta jasho. Hakuwa anafanya ukaidi. Alikuwa anataka kugeuka kuliko alivyotaka kitu chochote mwaka ule, na shingo ilikuwa haimsikii.

Aliijua sababu lakini, na wala hakuwa ameisahau. Mwaka wake wa kwanza kazini aliwahi kugeuka. Alikuwa amembeba kijana mmoja aliyevunjika mguu, kijana akapiga yowe, na Libère, roho yake ya huruma, akageuka kumtazama. Ilikuwa kitambo cha kupepesa jicho. Gari likaingia mtaroni, na yule kijana aliyepanda na mguu mmoja uliovunjika alishuka na miwili. Hakuna aliyekufa, na wala hakufukuzwa, walimsema tu siku mbili tatu yakaisha. Yeye hayakumwishia. Tangu siku hiyo aliweka sharti lake: nyuma ni kwa wauguzi, mbele ni kwangu. Kioo cha ndani ya gari kilipong'oka, hakudai kingine. Akisikia mtu analia nyuma, alikaza macho barabarani. Akisikia mtu amenyamaza, aliyakaza zaidi. Watu wote aliowabeba baada ya hapo hakuujua uso wa hata mmoja. Walipakiwa akiwa kwenye usukani, wakashushwa akiwa kwenye usukani, na kabla mlango haujafungwa simu ilikuwa imeshalia tena.

Raïssa alimfuata pale kando. Alisema asikasirike, mtu hawezi kujua kila kitu, kuigiza nako ni kazi. Alisema watikisaji wamechoka na jua limepanda. Halafu akasema lile alilokuwa amelijia.

"Tumwache Tajudini ashike usukani, muzee. Ni kwa hiyo picha moja tu."

Libère alisema sawa. Angesema nini? Alivua mwenyewe kofia yake ya kazi akampa Tajudini.

Tajudini, ambaye tangu asubuhi alikuwa magoti, aliruka kutoka kwenye machela na kupona papo hapo. Akakaa, akavaa kofia, akashika usukani kwa mkono mmoja kama shoferi wa waziri. Wakatikisa. Raïssa aliguna mwenyewe kwa niaba ya mgonjwa, akanyamaza. Na Tajudini akageuka. Jamani, mtu yule alikuwa na kipaji. Nyusi zilipanda, mdomo ukatetemeka, na chozi moja, moja tu, likashuka taratibu upande ule ule wa kamera. Watikisaji waliokuwa wakichungulia dirishani walipiga makofi. Alikipata kwa mara moja kile ambacho Libère alikitafuta asubuhi nzima.

Libère alikuwa amesimama nyuma, mlango uko wazi, akiona yote juu ya bega la Raïssa. Moyo wake uliuma. Tusidanganyane, wivu ulikuwemo, na aliona viti vya nyumbakumi vimejaa watu na Tajudini yuko ukutani analia. Lakini kulikuwa na kitu kingine, na hicho hakikuwa wivu. Kilikuwa hofu.

"Binti yangu," alisema, "huyo mugonjwa wako amekufa."

Raïssa aliuliza kwa vipi.

"Hapo njia inashuka, na mbele ni kona. Yeye amegeuka, analia vizuri kabisa. Nani anaangalia njia?"

Raïssa alianza kusema kwamba ni filamu tu, na gari halitembei. Libère alimwacha amalize. Kisha akamweleza habari ya mtaro, ambayo hakuwahi kumweleza mtu isipokuwa Lisette, na ajabu ni kwamba hiyo moja Lisette hakuitoa nje. Akasema filamu hii si itaonyeshwa kwa wanaojifunza kazi? Itaonyeshwa. Basi kijana ataitazama, ataona shoferi mzuri ni yule anayegeuka na kulia, na siku moja atageuka kwenye kona hiyo hiyo, nyuma amembeba mtoto wa mtu. Alisema hayo yote bila kupandisha sauti. Idi alikuwa ameinamisha kichwa. Alikuwa ameshaalikwa Kanyosha na Lisette, alijua kuna viti vingapi.

"Sasa niweke nini?" aliuliza Raïssa, na hakuuliza kwa hasira.

"Weka kisogo."

"Hutaonekana, muzee."

"Najua."

Raïssa akamwambia Tajudini arudi kwenye machela. Tajudini alirudi, lakini si bila neno. Alisema chozi lile lilikuwa la kweli na hajui kama atapata lingine. Libère alivaa kofia yake. Mara hii hakuna aliyemwelekeza kitu. Alikaa anavyokaa siku zote, mikono pale inapokaa siku zote, macho kwenye kona. Wale sita wakatikisa. Mgonjwa akaguna, akanyamaza kabisa, safari hii vizuri. Kisogo hakikugeuka. Raïssa hakusema simama. Aliacha kamera iendelee mpaka watikisaji wakaanza kutazamana.

Wiki iliyofuata Libère aliishi kwa taabu. Alijaribu kupunguza makali kidogo kidogo. Jumatatu alimwambia Lisette kwamba filamu siku hizi hukatwa sana. Jumatano alisema amesikia mashine ya kuonyeshea ina matatizo. Alhamisi alianza kukohoa. Lisette alimsikiliza siku zote hizo akipepeta mchele, na Ijumaa aliweka ungo chini.

"Baba Orlane, uso wako haumo."

"Haumo."

"Wamekukata?"

"Nimejikata mwenyewe."

Akamsimulia. Lisette alisikiliza mpaka mwisho. Alikasirika, ndiyo, alikasirika kwa ajili ya shati, na kwa ajili ya viti, na kwa ajili ya mama mmoja wa kwaya ambaye angelifurahia jambo hili mpaka Krismasi. Lakini hakumwambia neno baya. Alisema shati litavaliwa. Kisha Lisette, yule yule tunayemjua, alikwenda sokoni Jumamosi, akakutana na Kanyosha nzima, akaulizwa habari za filamu na watu kumi na watano, na hakumwambia mtu hata mmoja. Kama hayo si mapenzi, basi mimi sijui mapenzi ni nini.

Jumapili alasiri ukumbi ulijaa. Madirisha yalizibwa kwa vitenge, kitambaa cheupe kikatundikwa ukutani, na waliokosa viti walikaa chini au wakasimama nyuma na watoto mgongoni. Waokoaji walikuja na fulana zao. Tajudini alikuja na kanzu iliyopigwa pasi na miwani ya jua, na hakuivua miwani ile hata humo gizani. Libère aliwekwa mstari wa mbele katikati, kiti chenye mto, Lisette kando yake. Nyumbakumi alitoa hotuba. Alisema mtaa wetu umetoa mtu, na leo mtamwona. Libère alitamani parokia ipasuke immeze.

Filamu ikaanza, na ilikuwa nzuri. Hilo lilisemwa hata na waliokuja kutafuta kasoro. Anga lilizunguka, pikipiki ikalia, vumbi likapanda. Halafu uso wa Idi ukainama kutoka juu, mkubwa ukuta mzima, ukisema tulia ndugu yangu, tuko hapa, na watoto wakamtambua wakapiga kelele. Wakaonekana waokoaji mmoja baada ya mwingine. Machela ikanyanyuliwa, na ukumbi mzima ukahisi umenyanyuliwa nayo. Magoti ya Tajudini yalipotokea, Tajudini alikohoa ili watu wajue ni ya nani. Mlango ukafungwa, gari likaanza kutikisika.

Na hapo mbele, kati ya viti viwili, kikatokea kisogo.

Kilikuwa kisogo kinene, chenye mikunjo miwili, na chini ya ukingo wa kofia kovu la jipu la zamani lenye umbo la ndizi. Mbele yake kioo, na mbele ya kioo barabara. Mgonjwa aliguna. Kisogo kilikaa. Watu walisubiri. Mtu mmoja alicheka kwa pembeni, akasema huyu si Libère huyu, na mwingine akasema kwa sauti ya kutania, geuka basi tukuone. Watoto wakalipokea: geuka, geuka. Mgonjwa akanyamaza. Ukutani hakukuwa na kitu ila ule mtikisiko na kile kisogo, na kikakaa, na kikazidi kukaa, mpaka na watoto wakaacha kupiga kelele. Libère alikuwa anatazama viatu vyake. Lisette alimshika mkono na kuubana.

Halafu zikaja taa za hospitali, sauti za watu, na mwisho.

Watu walipiga makofi. Vitenge vilishushwa madirishani, mwanga ukaingia, na Libère akajua kwamba sasa linakuja. Lilikuja. Nyumbakumi alisimama akicheka, maana hakuwa mtu mbaya, alikuwa tu mtu aliyeazima viti vingi. Alisema amefurahi sana, ameona uso wa Idi, ameona magoti ya mgeni wetu wa Buyenzi, lakini jirani yake mpendwa amemtafuta kwa mwanga wa tochi asimwone. Alisema tumekusanyika hapa watu mia kuangalia shingo. Watu wakacheka, na Libère akacheka nao, kwa sababu kulikuwa na lingine gani la kufanya? Raïssa aliyekuwa kando ya mashine alifungua mdomo kueleza, Libère akamtikisia kichwa aache.

"Mimi hiyo kisogo naijua."

Sauti ilitoka nyuma kabisa, karibu na mlango. Alikuwa Candide, anayeuza parachichi kwenye kona ya barabara ya kwenda mtoni, mwanamke mkimya ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akisema mbele za watu. Alikuwa amesimama na mtoto mgongoni. Watu waligeuka kumtazama. Libère peke yake hakugeuka. Aliendelea kutazama kile kitambaa kitupu.

Candide alisema ilikuwa mwaka ule wa mvua kubwa, miaka mitatu sasa. Mtoto huyu alikuwa amekaa vibaya tumboni na damu ilikuwa inatoka. Walimchukua nyumbani kwa dada yake, si hapa, na ilikuwa fujo, na yeye hakujua ni gari la nani wala nani yuko kwenye usukani. Wauguzi walimwambia tulia mama, lakini aliona wanatazamana. Akapandisha mtoto mgongoni.

"Nilikuwa nimelala hivi, na mbele yangu hakuna kitu ila hiyo kisogo, na hiyo kovu. Nikajisemea, huyu mutu akigeuka kuniangalia, ujue nakufa. Njia yote sikuondoa macho hapo. Nilikuwa nasema tu, apana, usigeuke. Usigeuke. Na hakugeuka. Basi nikajua bado niko."

Ukumbini hakuna aliyecheka tena. Nyumbakumi alikaa chini taratibu kwenye kimoja cha viti vyake. Candide alisema siku zote alitaka kumjua mtu yule, ila utamtafuta vipi mtu kwa kisogo? Na kumbe amekuwa akimuuzia parachichi miaka yote hiyo, uso kwa uso, na hakumjua.

Libère akasimama. Akageuka, mwili mzima, akakipa mgongo kile kitambaa cheupe, na watu waliokuwa katikati wakasogeza viti vyao kulia na kushoto ili asizibwe. Alimtazama Candide usoni, akamtazama mtoto aliyekuwa amelala na mdomo wazi, akamtazama tena Candide. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. Kulikuwa na jambo alilotaka kuwauliza watu wengi sana kwa miaka mingi sana, na sasa alikuwa na wa kumuuliza.

"Uliumia sana, mama?"

"Sana," alisema Candide.

"Pole," alisema Libère. "Pole sana."

"Nimeshapoa."